Jina langu liliitwa mahakamani, mimi nimekwama Kilwa

Yule mama nilimtukana, hilo nalikiri kabla sijaanza. Mimi ni fundi pikipiki Mbagala na kibanda changu kimepakana na cha mama lishe. Machi 2024 nilimwaga oili chafu mtaroni, mvua ikanyesha, mtaro ukafurika, oili ikaenda kuishia kwenye beseni la mchele wake ulioshwa tayari. Akanisema. Badala ya kuomba radhi nikamjibu kwa maneno yanayomgusa mama yake mzazi, tena wateja wanasikia. Jioni ile ile alikuwa na RB mkononi, namba ya taarifa aliyoifungua polisi.

Kosa linaitwa kutumia lugha ya matusi, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu. Mtaani watu hulicheka, lakini unaweza kufungwa hadi miezi sita. Tarehe 16 Aprili nikapandishwa Mahakama ya Mwanzo. Hakuna aliyeniambia kwamba matusi yenyewe huandikwa kwenye hati ya mashtaka na kusomwa kwa sauti, neno kwa neno. Baba yangu mdogo, mstaafu wa bandari, mtu wa swala tano, alikuwa benchi la nyuma akisubiri kunidhamini. Aliinamisha kichwa mpaka usomaji ukaisha. Nikaulizwa ni kweli au si kweli, nikasema si kweli. Aibu ndiyo iliyonijibia.

Dhamana ilikuwa mdhamini mmoja mwenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA, asaini bondi ya shilingi laki tano. Baba mdogo hakutoa hata mia. Wengi wetu tunadhani dhamana ni hela ya kuweka mezani, kumbe pale ilikuwa ahadi tu: nisipoonekana, yeye ndiye ataitwa ajieleze kwa nini laki tano isidaiwe kwake. Kesi ikapangwa kusikilizwa Jumanne, tarehe 7 Mei.

Alhamisi ya tarehe 2 Mei nikapigiwa simu kutoka Lindi kwamba bibi mzaa mama amefariki. Usiku huo huo nikapanda gari Rangi Tatu. Tukazika Ijumaa. Nilipiga hesabu zangu: Jumapili narudi, Jumatatu napumzika, Jumanne niko mahakamani. Jumamosi kikapiga Kimbunga Hidaya.

Waliokuwa kusini siku zile hawahitaji kuhadithiwa. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, maji yamebeba lami na makalvati. Sisi tuliotoka Lindi Jumapili tulikwama upande huu, wenzetu wa Dar upande ule. Tulilala kwenye viti vya basi. Chai ya rangi ilipanda bei kila asubuhi, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa akisogezwa mbele kwenye kila foleni bila kuomba. Mwenye pawabenki ya kuchajia simu alikuwa tajiri.

Jumatatu jioni simu yangu ilikuwa na chaji asilimia thelathini na kitu. Nakumbuka kwa sababu hapo ndipo nilipokosea, si kwenye kimbunga. Kimbunga hakuna anayekulaumu nacho. Ningempigia baba mdogo dakika moja tu: "Shikamoo baba, nimekwama Kilwa, kesho kuna kesi, naomba unisemee." Sikupiga. Nilikuwa nimesafiri bila kumuaga na sikutaka ajue. Nikajiambia kesi zenyewe huahirishwa kila siku, watakuta mimi sipo, watapanga tarehe nyingine.

Walipanga kweli, tarehe 21 Mei. Ila kabla ya hapo jina langu liliitwa mara tatu na hakuna aliyeitika. Mama lishe alikuwepo, ana mashahidi wawili walioacha kazi zao siku hiyo. Hakimu akatoa hati ya kunikamata na kuagiza mdhamini aitwe.

Nilifika Dar Alhamisi. Kijana ninayefanya naye kazi akanipokea na maneno haya: "Kaka, umetolewa hati." Nikasikia miguu inakuwa baridi. Sikufungua kibanda. Nikaenda kujibanza kwa rafiki yangu Kongowe, nikawa mtu wa kutoka usiku. Kila pikipiki ya askari ikipita, moyo unaruka. Rafiki akanipa moyo kwamba hati za kesi ndogo hupotelea kwenye makabati, nikae kimya mwezi mmoja itakufa. Si kweli. Hati ya kukamata haifi kwa kukaa kabatini. Inabaki hai mpaka ukamatwe au mahakama yenyewe iifute, na inaweza kukukuta siku umesimamishwa barabarani kwa kosa jingine kabisa.

Halafu akatokea kishoka, dalali wa kesi asiye rasmi. Kila mahakama ina hawa watu, wanavaa vizuri na wanawafahamu makarani kwa majina. Alisema kwa laki moja na nusu "atalimaliza hilo faili". Nilikuwa na elfu themanini mfukoni, na nilikuwa najiandaa kukopa zilizobaki.

Kilichonitoa mafichoni ni karatasi. Jumamosi mama mdogo alipiga simu, anaongea kwa sauti ya chini: samansi, yaani wito wa mahakama, imekuja nyumbani, imemtaja baba yako mdogo, yeye ameipokea, ameikunja, ameiweka juu ya kabati, hajasema neno. Nikaenda usiku ule. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

Nikasema nimekula. Nikamweleza yote, bibi, kimbunga, Kongowe, hadi kishoka. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mimi nimesaini kwamba utakuja. Sijasaini kwamba nitakutafuta." Akaongeza kwamba Jumatatu tutakwenda wote, na kwamba hela ya kishoka ninunulie mchele wa watu.

Jumapili nikakusanya vitu. Tiketi za basi, ya kwenda na ya kurudi, hii ya kurudi imelowa lakini tarehe inasomeka. Kibali cha mazishi, ambacho mjomba alikipiga picha kule Lindi akanitumia, nami nikakitoa kwenye karatasi kwa shilingi mia mbili.

Tarehe 13 tulifika kabla ya saa mbili asubuhi. Nilidhani nitamwona karani, nitaeleza, nitaambiwa rudi tarehe 21. Karani alinisikiliza nusu, akauliza jina, akafungua daftari, akamwita askari. Hati ni hati. Hata ukijileta mwenyewe, wewe ni mtu anayetafutwa, na siku hiyo kesi yangu haikuwa kwenye orodha, kwa hiyo jalada lilibidi litafutwe kwanza lipelekwe kwa hakimu. Nikavuliwa mkanda, nikaachwa mahabusu ya mahakama na vijana watano, mmoja wao kaiba kuku. Nilikaa humo tangu saa mbili hadi saa sita na nusu. Ukifikiria kujisalimisha, kunywa chai kwanza na mwachie mtu simu yako.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Nikaanza: "Mheshimiwa, kwanza kabisa naomba nieleze kwamba bibi yangu..." Akanikatisha. "Tarehe saba ulikuwa wapi?" Nikasema Kilwa, barabara imekatika. "Ushahidi?" Nikatoa tiketi na kibali. Akazisoma pole pole, hata ile iliyolowa akaielekeza dirishani. Niliona uso wake umelegea kidogo, maana habari za Somanga zilikuwa kwenye kila redio.

Kisha akauliza, "Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Mheshimiwa."

"Mdhamini wako ulimwambia?"

Hilo sikuwa nimeliandalia jibu. Nikasema hapana. Akamgeukia baba mdogo, naye akasimama, kofia mkononi, akasema: "Mheshimiwa, hakuniambia. Lakini nimekuja naye." Hakunitetea zaidi ya hapo.

Hati ikafutwa. Dhamana ikaendelea, ila sasa wadhamini wawili badala ya mmoja, na kila tarehe nifike na mmoja wao. Mdhamini wa pili ilibidi aje na barua yake siku hiyo hiyo, la sivyo ningelala mahabusu. Shemeji yangu aliacha duka lake Charambe, akafika saa tisa kasoro jasho linamtiririka. Naambiwa wengine hawakupata bahati hiyo, wamefutiwa dhamana kabisa wakasubiri kesi zao ndani.

Tarehe 21 kesi ilipoitwa nikaomba kusema. Nikamgeukia mama lishe nikaomba radhi, nikasema maneno yale niliyatamka. Makosa madogo ya mtu na mtu, Mahakama ya Mwanzo inaruhusiwa kuyasuluhisha pande zote zikikubali. Hakimu akamuuliza anataka nini. Akasema mchele, kuni na mauzo ya siku ile, jumla elfu sitini, na juu yake ile siku moja ambayo mashahidi wake walikuja bure. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichoma. Vyote pamoja nikalipa elfu themanini, zile zile za kishoka. Kesi ikaisha kwa suluhu, ikaandikwa jaladani, tukatia sahihi.

Oili chafu siku hizi naikusanya kwenye dumu, kuna jamaa anapita kuinunua. Mama lishe ananiuzia chakula, ingawa nyama ninayopewa ni ya mwisho kwenye sufuria.

Juni nilikwenda tena Lindi, arobaini ya bibi. Safari hii nilipita kwa baba mdogo kuaga. Alikuwa anatawadha. Akaniuliza bila kugeuka, "Una tarehe yoyote kabla ya Jumanne?"

"Sina, baba."

"Simu ina chaji?"

"Imejaa."

"Haya, nenda. Wasalimie."