Chui Mtupu Ndani

Kutoka Durban, Afrika Kusini, hadi Caversham ni kama saa moja na nusu kwa gari. Nilishika barabara kuu ya N3, nikaipita Pietermaritzburg, na Howick nikaingia R103, njia ya mashamba. Ukielekea Lidgetton utapita mahali Mandela alipokamatwa tarehe 5 Agosti 1962, mwaka uleule aliopitia Dar es Salaam kuonana na Nyerere. Sikukaa sana. Mimi nilifuata udongo.

Caversham ndiko iliko leo Ardmore, karakana ya ufinyanzi, ila ilianzia shambani, chini ya milima ya Drakensberg, mwaka 1985. Mwanzilishi wake, Fée Halsted, alikuwa mwalimu. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Bonnie Ntshalintshali, aliyezaliwa 1967, binti ambaye polio ya utotoni ilimfanya asiweze kazi za shamba. Alifinyanga wanyama na visa vya Biblia, viumbe juu ya viumbe. Mwaka 1990 yeye na mwalimu wake walitunukiwa pamoja tuzo ya wasanii vijana ya Standard Bank. UKIMWI ulimchukua 1999.

Kwenye rafu nyani ni mpini wa birika, na chui kajilaza juu ya kifuniko. Mgeni hutazama rangi. Mimi hutazama kwanza unene. Chui wa sentimita 30 akifinyangwa bila uwazi ndani, moyo wake hubaki mbichi wakati ngozi imekauka. Kwa hiyo kiwiliwili huundwa kwa mabakuli mawili yaliyofunikana, ukuta wa sentimita moja hivi. Kingo hukwaruzwa kwa uma, hupakwa uji wa udongo uleule, ndipo hubanwa. Ukiunga mguu laini kwenye tumbo lililokwisha kukakamaa, utaachia: udongo hupungua asilimia 5 hadi 8 ukikauka, na hivyo viwili havipungui pamoja.

Tumbo huegemezwa kwa nguzo ya udongo huohuo. Ukiweka kijiti, chenyewe hakisinyai, na mgongo utapasuka. Masikio na mkia hutangulia kukauka, kwa hiyo hufungwa nailoni siku kadhaa wakati mwili unayafikia. Mkia nao ni bora ulale ubavuni. Ukining'inia hewani, hesabu umevunjika.

Chini ya tumbo hutobolewa tundu la sindano. Chombo kikilipuka jokoni, yaani katika tanuri la kuchomea vyombo, wengi husingizia hewa, kumbe mkosaji ni maji: yakifika nyuzi 100 huwa mvuke, na mvuke usiopata njia hujitengenezea. Ndiyo maana saa za mwanzo moto huenda polepole. Karibu nyuzi 573 mchanga wa kwazi uliomo hutanuka ghafla, na joko likipoa hapo kwa haraka hujinywea ghafla vilevile. Sikio jembamba likapata ufa. Baada ya mchomo wa kwanza hupakwa rangi, kisha glezi, uji unaogeuka kioo motoni, na nyayo hufutwa safi. Zisipofutwa, chui atagandamana na rafu ya joko.

Siku za mwanzo Ardmore, kilichovunjika hakikutupwa: kiligundishwa, kikapakwa rangi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huku gae lenyewe lilirudishwa kazini.

Niliinama chini ya yule chui. Tundu lilikuwepo, glezi imeliziba nusu.