Mwaka wa mashine mpya, hojaji ikatoa hasi

Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha vifungashio huku Industrial Area. Asilimia 60 ya hisa zetu ni za kampuni mama iliyoko Ulaya, 40 ni za familia moja ya hapa Nairobi. Kwa hiyo ile hojaji ya uwekezaji kutoka nje, inayokusanywa na Shirika la Takwimu pamoja na Benki Kuu, huishia mezani pangu.

Kuna mwaka mmoja sijausahau. Tulikuwa tumefunga mashine mpya na kuongeza zamu ya usiku. Nilikaa kuijaza hojaji nikiwa na fahari, nikijua mchango wetu katika jumla ya uwekezaji huo utakuwa mnono. Nikajumlisha, nikapata hasi milioni 7. Nikarudia. Hasi milioni 7.

Tarakimu nimezigeuza kidogo, kwani vitabu vya mwajiri si vyangu kuvianika, ila hesabu yenyewe ilikwenda hivi. Faida baada ya kodi ilikuwa shilingi milioni 50. Tuliwagawia wenye hisa gawio la milioni 20, zikabaki 30. Asilimia 60 ya hizo, yaani milioni 18, huhesabiwa kuwa uwekezaji mpya kutoka nje, ingawa ni pesa tulizolipwa na wateja wa Gikomba na Thika na hazijavuka mpaka wowote. Kanuni inachukulia kwamba mwenye hisa angeweza kuzichukua akaamua kuziacha, na kuziacha ni kuwekeza. Hisa mpya hazikutolewa. Upande wa mikopo, tuliirudishia kampuni mama milioni 25 za deni la zamani, wala hatukukopa kwake tena. Kumi na nane toa ishirini na tano.

Na mashine je? Tuliinunua kwa mkopo wa benki ya hapa hapa mjini. Mkopo huo hauna mstari katika hesabu hii. Lakini kampuni mama ingeituma mashine ile ile kupitia bandari ya Mombasa na kupewa hisa badala ya malipo, thamani yake yote ingeingia, hata kama hakuna senti iliyopita benki.

Saa nne ya chai, mzee wetu wa stoo aliniletea gazeti.

"Madam, hapa wanasema wawekezaji wameleta mabilioni. Mbona sisi hatuyaoni?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, hayo si mabilioni yaliyoshuka na ndege. Ni mitaji ya hisa, faida zilizoachwa nchini na mikopo ya kampuni mama, ukishatoa kilichorudi kwao."

Nikamweleza pia kwamba mgeni akinunua hisa chache tu pale soko la hisa, hahesabiwi hapa. Lazima awe na angalau asilimia 10 ya kura katika kampuni. Akaniuliza kuhusu Safaricom, kwani ana hisa zake kidogo tangu zilipouzwa kwa umma mwaka 2008. Swali zuri mno. Mwaka 2017 Vodafone ya Uingereza iliihamishia Vodacom ya Afrika Kusini asilimia 35 ya Safaricom, ikalipwa kwa hisa za Vodacom. Kilichobadilika ni mgeni anayeshikilia hisa hizo. Mtaji mpya haukuingia Kenya kwa biashara ile, hata ingawa ilikuwa kubwa ajabu.

Ndiyo maana naumia nikiona tarakimu moja imechapishwa peke yake, huku wanasiasa wakibishana kama imepanda au imeshuka. Ripoti ya uwekezaji duniani ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, inayotoka tangu 1991, husomwa hivyo hivyo: watu hukimbilia jedwali la nchi na jumla ya mwaka. Mimi nataka nionyeshwe yale mafungu matatu. Mwaka ambao faida zilizoachwa ndizo nyingi unanieleza habari za kampuni zilizokwisha kukaa hapa. Mwaka wa mitaji mipya ya hisa unanieleza habari nyingine kabisa. Na mwaka wa madeni kulipwa unaweza kuonekana mbaya ilhali viwanda vinanguruma.

Mzee alikunja gazeti lake polepole. "Kwa hiyo ile mashine yetu haimo?"

"Haimo, Mzee."

"Na wale vijana wa usiku?"

Nikageuza kurasa za hojaji nimwonyeshe. Kulikuwa na mahali pa kuandika idadi ya wafanyakazi. Nilikuwa nimeshaijaza, kwa kalamu nyeusi, na yeye akainama kuisoma.