Mwekee na kijiko

Nimerudi salama. Vumbi limenipokea mlangoni kama kawaida yake, begi liko palepale nilipolibwaga, nguo hazijafuliwa, na mimi nimekaa kuandika habari za kijiko.

Makubwa niyamalize kwanza: mdogo wetu wa mwisho kaolewa Ijumaa, alhamdulillah, na barua ya kazini imetoka nikiwa hukohuko Tanga, kile kitengo mnachokijua nimepewa mimi, kukaimu kwanza. Yule bwana wa ofisini, wa chai ya tangawizi, keshanipigia kunipongeza, sauti yake kama ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Nitawasimulia siku nyingine.

Sasa kijiko.

Ilikuwa Alhamisi mchana, uani kwetu Ngamiani, siku moja kabla ya shughuli. Majamvi yametandikwa, gunia la vitunguu limefunguliwa, wanawake macho mekundu wanamenya na kusengenya. Mimi nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, na nilikuna vizuri tu, nazi inashuka laini bila vipande vya kahawia, maana wapo wanaodhani ukikaa Dodoma mikono inasahau. Ikafika saa ya kula. Pilau ilikuwa ya kesho, ya watu. Siku ile walipika bada, mchuzi wa papa mkavu wa nazi, na kisamvu. Sinia likatua jamvini, tukanawa. Nikakusanya dera langu, nikaanza kuinama. Ndipo mke wa kaka yangu, akiwa na bakuli la mchuzi mkononi, akasema:

"Wifi, wewe kaa kitini."

"Kiti cha nini? Nakaa hapahapa na nyie."

"Utachafua nguo."

"Dera la kushindia hili, wifi."

"Basi magoti hayo. Nyie watu wa ofisini mkikaa chini, kuinuka kazi. Halafu mgeni hatumkalishi chini sisi."

Watu wakacheka, cheko la uani lisilo na ubaya. Nikamtazama mama. Alikuwa anamnyofolea mjukuu wake papa, anampulizia kabla ya kumtia mdomoni. Nilitaka aseme neno. "Mgeni nani, huyu?" lingenitosha kabisa, ningekula nikalala. Mama hakuinua hata kichwa. Akasema:

"Mwekee na kijiko."

Basi nikaletewa kiti cha plastiki, na stuli ya kuwekea chakula, na sahani. Sahani yenyewe ndiyo iliyonimaliza. Mnaokumbuka nilichowahi kuandika juu ya kabati la vyombo la mama mtaelewa: zile sahani nyeupe za mstari wa dhahabu ukingoni, za kutolea wakija masheikh au watu wa kuposa. Utotoni nilizipangusa vumbi kila Ijumaa, na siku niliyothubutu kulia chapati juu ya mojawapo nilichapwa kwa upawa. Sasa imewekwa mbele yangu, mstari wa dhahabu umefifia upande mmoja, na katikati yake limekaa bonge la bada.

Wasiokula bada niwaeleze: ni unga wa makopa ya muhogo, ukisongwa unanata na kuvutika. Unamegwa kwa vidole, unafinyangwa haraka, unachovywa, unamezwa. Kijiko hakina kazi hapo. Ukikichoma kinabaki kimesimama wima. Ukikivuta sahani nzima inakufuata. Nilipambana nacho mbele ya umma ule, nyuzi za bada zinaning'inia kidevuni, na hakuna aliyeniambia nitumie mkono, nami kwa kiburi sikutumia. Mtoto wa kaka akaja akasimama pembeni kunitazama kama anatazama sinema.

Tangu siku hiyo sentensi ile haijanitoka. Harusini, bibi harusi anaingia, vigelegele vinapigwa, mimi nasikia mwekee na kijiko. Kwenye basi la alfajiri, tumeshapita Muheza, mkonge umejipanga pande zote za barabara, najaribu kuisema kwa sauti ya mama. Nikiisema kwa uchovu, ni mwanamke mzee mwenye shughuli kesho anayetaka watu wale upesi. Nikiisema kwa utani, anamuunga mkono mkamwana wake. Nikiisema polepole, inauma. Tulipofika Segera nilikuwa nimeshamjibu kwa namna zote, majibu makali yenye adabu, kama yale yanayomjia mtu baada ya wageni kuondoka.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilifika Jumatano. Nikajipa moyo kwamba Ijumaa jembe langu litatoka, hata kama ni kusimama jikoni na mwiko. Ijumaa asubuhi nikaambiwa nivae vizuri, nikae sebuleni, niwapokee watu wa upande wa bwana harusi. Yaani mgeni akawekwa kupokea wageni.

Na haya hayakuanza juzi. Mwaka 2017 nilipohamishiwa Dodoma na kundi la mwanzo la watumishi wa serikali, mama alikataa kuamini. Alisema habari za makao makuu kwenda Dodoma amezisikia tangu TANU ilipopitisha mwaka 1973, akiwa msichana, na hajaona mtu akifunga mzigo. Akanipa miezi mitatu nitakuwa nimerudi. Mimi nami, ili asione nimemkimbia, nikajizoeza kuisema vibaya Dodoma kila ninapopiga simu. Upepo unang'oa mabati. Ngozi inapauka. Samaki ni wa barafu, macho yamezama, ukimkaanga anakutazama kwa lawama. Yote ni kweli. Siwezi kusema nimemdanganya.

Ila yapo ambayo sijawahi kumwambia. Sijamwambia kwamba asubuhi za Juni, baridi kavu ile na anga lisilo hata doa, hutoka nje na kikombe cha chai nikasahau kuvaa viatu. Sijamwambia habari za zabibu za ndooni pale barabarani, wala za jirani yangu Mgogo, mama mtu mzima, ambaye nikimwamkia "mbukwa" huniuliza hali ya nyumba nzima, kisha huniletea mlenda bila kuniuliza kama nautaka. (Nautaka.) Sijamwambia pia kwamba kule kwenye kiwanja changu cha Dodoma, nyie mnajua, msingi umeshamwagwa zege. Kaka anajua. Na kaka akijua jambo, kulificha kwa mama ni kupoteza muda.

Labda ndiyo maana ya kijiko, niliwaza. Mama anajua. Mtu aliyechimba msingi kwingine anapewa sahani ya mstari wa dhahabu.

Nilikaa na wazo hilo kutoka Chalinze mpaka Morogoro, nikashuka, nikapanda treni ya umeme, ile ya mchongoko, nikiwa nimenuna hivi kwamba kijana wa kukagua tiketi aliniuliza kama najisikia vizuri. Mashamba yakapita. Tulipoanza kuingia mahandaki ya Kilosa, dirisha likawa jeusi, mtandao ukakatika, sina cha kuangalia, ndipo nikaikumbuka Jumatano usiku.

Jumatano usiku nimefika, nimechoka, nimejilaza chumba cha mbele, nasikia uani wifi analalamika. Bada ya nini na kazi zote hizi? Watu wote hawa, si tupike wali na maharage yaishe? Unga wenyewe mpaka makopa yatwangwe. Mama akamjibu, "Kuna mtu anaitaka." Basi. Nikalala nikidhani wanamzungumzia bibi harusi.

Bibi harusi hali bada. Tangu utotoni hali, anasema inamkwama.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti, hata abiria wa kiti cha mbele akageuka. Kwa sababu kwetu hakuna mgeni anayepikiwa bada. Mgeni anapewa pilau, biriani, akikosa sana wali wa nazi. Ukimwekea mkwe bada, mahari inaweza kurudi. Bada wanakula wenye nyumba wakishafunga mlango. Mama alitwangisha makopa siku ya kuamkia harusi, akagombana na mkamwana wake, kwa ajili ya mtu anayekaa karibu kilomita mia sita mbali, kisha mtu huyo alipoletwa mbele ya chakula akamwekea sahani ya masheikh na kijiko kisichofaa kitu. Mjuaji na aniambie hapo mimi ni nani katika nyumba ile. Mimi nimeshindwa, na nilipotoka handakini nilikuwa nimeacha kujali sana.

Halafu kiti. Niwe mkweli kuhusu kiti. Kile kiti nilikipenda. Goti langu la kulia halitaki mchezo tangu mwaka jana, na baada ya kukalia mbuzi saa nzima, mgongo wa plastiki ulikuwa neema. Wifi alisema kweli mbele za watu. Ningekaa jamvini ningehitaji watu wawili kuniinua, mmoja kila kwapa. Kilichoniuma si kwamba kasema uongo.

Watu wakikuaga wana neno lao, "usibadilike". Nimeambiwa stendi, nimeambiwa msibani, nimeandikiwa kwenye kadi. Nalichukia neno hili. Yule binti aliyeondoka Ngamiani na sanduku la bati alikuwa anaogopa kila kitu, alikubali kila alichoambiwa na mwenye sauti nene, na alikuwa tayari kuolewa na mtu ambaye sote tunashukuru hakuolewa naye. Sina hamu ya kurudi kuwa yule ili nikae vizuri jamvini. Lakini bada naitaka. Na kwa mkono, ikiwezekana, mara nyingine niseme wazi, "Mama, ondoa kijiko hiki," badala ya kukomaa nacho kama mtihani. Nadhani ningemwambia hivyo asingebisha. Angesema tu, "Basi ondoa."

Habari ya msingi nitamwambia, sijui lini. Nimefikiria kumleta Dodoma aone mwenyewe, tukutane Morogoro, tupande treni pamoja. Tatizo hataki kusikia treni isiyotoa moshi. Ananiuliza, inasukumwa na nini? Nikimwambia umeme anasema, na umeme ukikatika njiani? Kwa mtu wa Tanzania hilo ni swali halali, sikuwa na jibu la maana.

Wifi kanitumia ujumbe jioni hii, picha ya sahani ileile ikiwa imeoshwa na kurudishwa kabatini, na chini kaandika "umesahau kijiko chako", na vile vikatuni vya kulia kwa kicheko. Kumbe walikuwa wanaona. Sijamjibu bado, natafuta jibu zuri zaidi, la kumfanya acheke mpaka amwage mchuzi.

Ningelitafuta usiku huu, ila akili imehamia kwingine. Jana uliingia ujumbe wa shuleni kwa kijana wangu: mzazi afike naye Jumatatu saa mbili asubuhi bila kukosa. Hakuna sababu iliyotajwa. Nimemuuliza, kasema hajui. Nimemuuliza tena wakati wa chakula, kasema labda wazazi wote wameitwa. Nimempigia mama wa rafiki yake wa kidato cha pili hichohicho, yeye hajaitwa. Mtoto kala sahani mbili za wali, kaosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe, kisha kaenda kulala saa mbili na nusu. Kesho ndiyo siku yangu ya kwanza ya kukaimu, na kikao cha kwanza cha kitengo nimekiita mwenyewe, saa mbili asubuhi. Mwalimu wa darasa hapokei simu.