Siku Niliyompapasa Bundi wa Dijon

Kwetu Tanga bundi akitua juu ya paa usiku, nyumba nzima haipati usingizi. Bibi yangu alikuwa akitoka na kijinga cha moto, anasoma dua huku anamtukana, mpaka aruke aende kwa jirani. Sasa fikiria mimi, mjukuu wa bibi huyo, nasimama kaunta ya ofisi ya utalii ya Dijon, mashariki mwa Ufaransa, naambiwa kwamba njia bora ya kuujua mji ni kumfuata bundi, na nikimfikia nimpapase kwa mkono wa kushoto niombe ninalolitaka. Bundi, tena kwa kushoto! Nilicheka mpaka yule mama wa kaunta akacheka naye bila kujua tunacheka nini.

Nilikuwa Paris kwa mafunzo ya wiki tatu, na Jumamosi moja tu ndiyo ilikuwa yangu. Wenzangu walikwenda kupanga foleni kwenye mnara wa Eiffel. Mimi nilichagua Dijon kwa sababu moja ya kijinga: jina nilikuwa nalisoma kila asubuhi kwenye kikopo cha haradali mezani.

Treni ya kasi kutoka Gare de Lyon hufika kwa saa moja na nusu na dakika chache, lakini nauli yake hupanda kadiri siku inavyokaribia, na mimi nilianza kuiulizia Alhamisi usiku. Kijana wa mapokezi pale nilipofikia ndiye aliyeniambia kuna treni ya mkoa, TER, inayoanzia Bercy. Inatumia karibu saa tatu na bei yake haichezi. Nikachukua hiyo. Asubuhi nikaenda kusimama Gare de Lyon kwa mazoea, ndipo nikasoma tiketi vizuri. Namshukuru Mungu stesheni hizo mbili ni jirani. Nilikimbia na kiatu kimoja hakijafungwa.

Kutoka stesheni ya Dijon hadi mji mkongwe ni kutembea tu, dakika kumi hivi, unapita kwenye lango kubwa la mawe la Guillaume. Nilipoingia ofisi ya utalii nilianza na swali moja kwa moja. Yule mama akanitazama, kisha akasema polepole, "Bonjour." Kama mtu anayemkumbusha mtoto. Aibu niliyoiona! Mimi mtu wa pwani, niliyelelewa kwa shikamoo, ninyimwe jibu kwa kusahau salamu. Tangu hapo kila mlango nilioufungua nilitanguliza bonjour, na watu walikuwa wakarimu kwangu siku nzima.

Alinipa mambo mawili. La kwanza, kijitabu cha Njia ya Bundi, chenye vituo 22. Huhitaji ramani, kwani barabarani wamepigilia vibao vidogo vya shaba vyenye picha ya bundi, wewe unafuata mshale. La pili ni mnara wa Philippe le Bon, wenye urefu wa mita 46 na ngazi 316. Huwezi kuupanda peke yako, unapanda na mwongozaji baada ya kujiandikisha, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya saa tisa alasiri. Nikalipa palepale. Ukienda, anza na hilo kabla hujapiga hata picha moja.

Kisha nikamwacha bundi kwanza nikakimbilia sokoni, kwa sababu soko kubwa la Les Halles ni la asubuhi, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kuchangamka. Hapo ndipo nilipopata taabu. Mimi ni Mwislamu, na huu, Bourgogne, ni mkoa wa mvinyo. Chakula cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa nyama ya nguruwe iliyogandishwa kwa majani ya kotimiri ya Kizungu. Haya, nyama ya ng'ombe? Imechemshwa kwa mvinyo saa kadhaa. Mayai basi? Nayo wanayapika kwenye mchuzi wa mvinyo! Nikaona nijisalimishe kwa jibini. Nikanyoosha kidole kwenye moja lenye ganda la rangi ya chungwa, Époisses, muuzaji akanieleza kwa fahari kubwa kwamba huoshwa kwa pombe kali ya zabibu. Nilimaliza kwa mkate, kipande cha jibini la Comté na zabibu zenyewe, ambazo hazijapata muda wa kuharibika.

Hata haradali inataka macho. Iandikwayo ya Bourgogne hutengenezwa kwa mvinyo mweupe. Ya Dijon ya kawaida mara nyingi huwa ya siki. Nilisimama mbele ya rafu nikisoma viambato kama mfamasia. Na ujue jina Dijon si hati miliki ya mji huo, haradali hiyo inaweza kutengenezwa popote. Mbegu zenyewe nyingi hutoka Kanada, ndiyo maana ukame wa huko wa 2021 uliwafanya Wafaransa mwaka uliofuata wakute rafu tupu.

Nikarudi kwa bundi. Mshale ulinipeleka Kanisa la Notre-Dame, la karne ya 13. Uso wake umejaa safu tatu za sanamu zilizochomoza shingo, watu na mazimwi, zinazofanana na midomo ya kutemea maji ya mvua ingawa hazitemi kitu. Hadithi yake niliipenda kuliko jengo. Wanasema zamani mtoza riba mmoja alikuja kufunga ndoa hapo, na alipofika mlangoni sanamu ya jiwe ikamwangukia kichwani akafa. Sanamu yenyewe ilikuwa ya mtoza riba aliyeshika mfuko wake! Wenzake kwenye biashara hiyo wakatoa pesa ili sanamu zote zilizobaki zibomolewe. Zilizopo leo ni za miaka ya 1880.

Juu yake kuna saa ambayo Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliitoa Kortrijk, mji wa Ubelgiji ya leo, kama ngawira ya vita mwaka 1382. Anayeigonga ni sanamu ya mwanamume, Jacquemart. Alikaa kapera hadi 1651 watu walipomwonea huruma wakamletea mwenzake. Mtoto wa kiume akaja 1714, na wa kike mwishoni mwa karne ya 19. Familia imekamilika kwa miaka mia tano. Kwetu wangekwishaitisha kikao cha ukoo.

Na bundi? Yuko ubavuni mwa kanisa hilohilo, kwenye kichochoro kinachoitwa kwa jina lake. Ni mdogo, nilidhani nimekosea. Mikono ya vizazi imemfuta uso, hana macho wala mdomo, amebaki kama sabuni iliyotumika. Mwaka 2001 mtu alimpiga nyundo, ikabidi atengenezwe. Watu walikuwa kwenye foleni, wazee kwa watoto. Mkono wa kushoto ni kwa sababu uko upande wa moyo, ndivyo alivyonieleza babu mmoja aliyekuwa mbele yangu. Zamu yangu ilipofika nilisema bismillahi kimoyomoyo, nikampapasa. Nilichoomba ni changu.

Saa nzima kabla ya mnara niliitumia kwenye jumba la makumbusho, ndani ya kasri la watawala wa Bourgogne. Mkusanyiko wa kudumu hauna kiingilio, ila Jumanne wanafunga. Nenda moja kwa moja chumba chenye kaburi la Philippe le Hardi, yule wa saa, aliyefariki 1404, na la mwanawe Jean, aliyeuawa darajani 1419. Juu wamelala wakubwa, wametulia. Chini yao, kama wanapita kwenye vibaraza, kuna msafara wa waombolezaji wadogo wa jiwe la alabasta, urefu wa sentimita 40 hivi. Mmoja amejifunika joho mpaka huoni uso, mwingine anasoma kitabu, mwingine ameshika pua. Nilizunguka mara tatu. Nimekaa kwenye misiba mingi, na kila mmoja wao nilimfahamu, pamoja na yule ambaye yuko pale kwa kuonekana tu.

Mnara niliupanda kwa magoti yanayotetemeka. Juu, mapaa ya vigae vya rangi, njano na kijani na nyeusi, yalikuwa yamefumwa kama mkeka wa miyaa.

Jioni nikampigia mama simu kutoka stesheni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshinda wapi?"

Nikamweleza. Kimya.

"Bundi umemshika? Kwa kushoto?"

"Wa jiwe, mama."

"Wa jiwe, wa jiwe nini! Kanawe."

Nilikwenda kunawa. Nilimpelekea haradali na mkate wa asali na viungo, na sumaku ndogo ya bundi ya kubandika kwenye friji. Haradali anailia mihogo ya kukaanga. Bundi amembandika, ila ubavuni mwa friji, anatazama ukuta.