Ndoo ya bati

Jana fundi alikuwa anapiga lipu ukuta wa jikoni, na ile harufu ya saruji mbichi ikanishika. Mwanangu akaniuliza nawaza nini. Nikamwambia: birika la kubatizia, la kanisani kwetu.

Lile la chini ya mimbari, linalofunikwa kwa mbao. Kwetu Rungwe Wamoraviani, Waprotestanti wanaobatiza hata watoto wachanga, walitangulia tangu 1891. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani waliingia Tanganyika mwaka 1956, na habari ya kuzamishwa mwili mzima ikavuruga nyumba nyingi. Babu alishabatizwa akiwa kichanga. Alipozamishwa mtoni, mtu mzima mwenye watoto, ndugu zake waliona ameutukana ubatizo wa wazazi wao.

Mimi nimelikuta kanisa limechoka. Mgogoro wa uongozi ulitugawa, Jumapili tukawa tunabaki tisa, birika likageuka stoo ya magunia ya mahindi. Bibi, aliyeshika ufunguo, hakuacha kufungua mlango. Alifagia, akapiga kengele, akakaa.

Mwaka 1997 vijana 14 wakaomba ubatizo. Mto ulikuwepo, ila Bibi alitaka birika. Tukatoa magunia, tukaziba nyufa kwa saruji, na Jumamosi jioni tukapanga mstari toka bombani hadi mimbarini, ndoo zikipita mkono kwa mkono.

Giza likiingia, mzee mmoja akaja kusimama kando ya Bibi. Ndiye aliyewaongoza walioondoka. Alikuwa na ndoo yake ya bati, imetoboka karibu na ukingo, maji yakimchuruzikia kwenye koti. Mstari mzima ukanyamaza. Bibi akanyoosha mikono, akaipokea, akaipitisha. Ikarudi tupu, ikajazwa tena. Mara ya tatu au ya nne ndipo aliposema, “Ndaga.” Asante, kwa Kinyakyusa. Mzee akainama kama anayetafuta kitu sakafuni, akakaa hivyo kitambo.

Kesho yake vijana walibatizwa, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mzee alikaa benchi la mwisho. Kuna siku nahisi neno lile moja lilitosha. Kuna siku nawakumbuka walioondoka wasirudi, niliokuwa nawapenda, na sina hakika.

“Birika lilivuja?” mwanangu akauliza.

Lilivuja usiku kucha, ufa wake tuliuona baadaye. Lakini alfajiri ya Jumapili tulilikuta limejaa hadi juu, na ile ndoo ya bati iko ukingoni, bado imelowa. Ufunguo alikuwa nao Bibi.