Siku Moja Maishani Mwangu: Mkandaji wa Wagonjwa wa Saratani ya Matiti

Saa 1:30 asubuhi ninasoma mafaili. Wengi hudhani kazi yangu ni mafuta na mgongo tu, ilhali nusu yake ni maswali: tiba ya kemikali ya mwisho ilitolewa lini, chembe sahani za damu, zinazosaidia damu kuganda, ziko kiwango gani, matezi ya kwapani yaliondolewa upande upi, na kama ugonjwa umefika kwenye mifupa. Chembe sahani zikishuka sana, mkono mzito huvilisha damu chini ya ngozi, na mfupa ulioliwa na saratani haukandamizwi kabisa.

Saa 3:00 anafika mteja mwenye ganzi kwenye nyayo, iliyoletwa na paclitaxel, dawa ya tiba ya kemikali. Ninaishika miguu yake kwa viganja vizima, polepole, kwa kuwa hawezi kunieleza kwa uhakika iwapo ninabonyeza kupita kiasi. Mafuta yangu hayana manukato, maana kichefuchefu cha tiba hakihitaji kuchochewa. Anayemfuata yumo katikati ya tiba ya mionzi, hivyo siligusi eneo linalopigwa mionzi. Ninamkanda kichwa na mikono, naye anasinzia.

Saa 5:00 anaingia mama mmoja aliyevimba mkono wa kushoto, akiongozana na dada yake mkubwa. Kwanza ninaangalia kama mkono una wekundu au joto, kwa sababu dalili za maambukizi zingenilazimu kuahirisha kila kitu na kumrudisha kwa daktari. Hazipo. Ninapima mzingo wa kifundo cha mkono, wa chini ya kiwiko na wa juu yake, kisha ninaanza shingoni, nikielekea kwapa la kulia.

“Mbona unamkanda upande usioumwa?” anauliza dada mkubwa. “Maji yako huku. Mkande kwa nguvu yashuke!”

Ninamweleza kwamba uvimbe wa limfu, yaani majimaji ya mwili yanayokwama matezi yanapoondolewa, haukamuliwi. Mishipa midogo ya limfu iko juu juu, chini tu ya ngozi, na mkono mzito huibana badala ya kuisaidia. Kwa hiyo mtindo huu, ambao Emil na Estrid Vodder waliubuni katika miaka ya 1930, huivuta ngozi taratibu na kuandaa njia kwenye upande usioumwa kabla ya kuugusa mkono uliovimba. Anasikiliza, anakaa, anasimama tena. Sasa ameambiwa na jirani kwamba masaji husambaza saratani. Mtu huyohuyo aliyetaka nitumie nguvu! Ninamjibu kwamba hakuna ushahidi kuwa kukanda kwa upole kunaisambaza, na kwamba misuli husukuma limfu kila mtu anapotembea, lakini hakuna daktari anayemkataza mgonjwa kutembea kwa sababu hiyo. Bado ana swali kuhusu bandeji, kisha lingine, na kila swali linanilazimu kuinua mikono na kuanza upya mwendo ambao manufaa yake yamo katika kutokatizwa. Hatimaye mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote, anasema, “Dada, mwache afanye kazi yake.”

Chakula cha mchana kimepita bila mimi.

Alasiri mteja mmoja ananionyesha shavu la mguu lililovimba upande mmoja tu, lenye joto na maumivu. Simkandi. Huenda ni donge la damu kwenye mshipa, nalo linaweza kung’oka na kwenda mapafuni, kwa hiyo ninampeleka hospitali mara moja, naye anaondoka amenikasirikia. Afadhali hasira yake.

Wa mwisho alitolewa titi, hawezi kulala kifudifudi, basi ninampangia mito alale ubavu. Anauliza kama hii itamponya. Ninamwambia hapana, na ninalisema wazi kwa kila anayeuliza. Miongozo ya mwaka 2017 ya Society for Integrative Oncology, chama cha wataalamu wanaounganisha tiba nyinginezo na matibabu ya kawaida ya saratani, inapendekeza masaji kwa kutuliza mfadhaiko wa wagonjwa wa saratani ya matiti, na ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, iliiunga mkono mwaka uliofuata. Mimi siuzi zaidi ya hapo.

Kiuno kinauma. Watu hushangaa, kwa vile mikono yangu haitumii nguvu, lakini kujizuia kwa saa nyingi huku umeinama kunachosha kuliko kusukuma. Ninajaza vipimo vya leo kwenye mafaili. Simu inalia: ni dada mkubwa, anataka kesho waje saa 2:00 badala ya saa 5:00, na anasema maswali mengine ameyaandika kwenye karatasi asiyasahau.