Mke yuko Masasi, mimi niko Mlimani: Kariakoo ilivyotusaidia

Kijana aliyetoka kidato cha sita akimkumbuka mpenzi wake, wenzake chumbani humtania na yeye hucheka nao, yakaisha. Ukiwa mtu mzima uliyeoa, una mtoto, na umeacha nyumba yako mkoani, hakuna anayekutania. Wanakuita "Ticha", wanakupisha kwenye foleni ya chakula, na wanadhani umri umeshakutibu.

Nilifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, mwishoni mwa 2023 kwa ruhusa ya masomo. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi wilayani Masasi, mkoani Mtwara, kwa stashahada, nikaja kusomea shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Mke wangu alibaki Masasi mjini na binti yetu na cherehani yake. Yeye ni fundi, na ninaposema fundi simaanishi wa kupunguza suruali. Wanawake wa mtaani kwetu hawaendi harusini kabla hajawapima.

Mchana wa Mlimani haukunisumbua. Vipindi kwenye kumbi za Yombo, maktaba, semina, kupanda na kushuka kile kilima, jua linakwenda. Hata tumbili walikuwa wananichangamsha, maana wanajua kabisa nani ana ndizi kwenye begi. Taabu ilikuwa inaanza magharibi. Vijana wa chumbani wanaoga, wanajipulizia manukato, wanatoka. Wengine Mlimani City, wengine Sinza, wengine hata hawasemi. Mimi nabaki na mlio wa feni. Nyumbani saa hizo ndipo mke wangu anapofunika cherehani, anakuja kukaa karibu yangu barazani na kuanza kunisimulia wateja wake. Nilikuwa sijui kama yale maneno ya wateja, ambayo nusu nilikuwa siyasikilizi, ndiyo yaliyokuwa yananilaza usingizi.

Miezi ya mwanzo tulijitahidi kwa simu. Asubuhi tunapigiana, mchana tunapigiana, usiku tunapigiana mpaka dakika za kifurushi ziishe. Lakini kusikilizana kila saa kulitufanya tuishiwe maneno.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

"Mtoto?"

"Kalala."

Halafu kimya, kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake, na salio linaungua. Tukijaribu simu ya picha, mtandao unamgandisha akiwa amefumba jicho moja. Nikikata simu najisikia mpweke kuliko nilivyokuwa kabla sijapiga. Binti yetu ndiye alikuwa mkweli kuliko sisi wote wawili: akipewa simu anasema "Shikamoo baba", kisha anamrudishia mama yake na kwenda kucheza.

Mabadiliko yalianza na zipu. Ilikuwa karibu na likizo, msimu wa jando na unyago kwetu, wakati kila nyumba yenye mwali inataka nguo mpya. Mke wangu alikuwa na gauni kadhaa za kitenge na maduka ya Masasi yalikuwa yameishiwa zipu zile zinazojificha kwenye mshono. Akanipigia mchana, tofauti na kawaida, tena kwa haraka haraka: "Mwalimu, wewe si uko Dar? Nenda Kariakoo."

Nikaenda. Daladala mpaka Ubungo, basi la mwendokasi mpaka kituo cha Msimbazi Polisi, kisha miguu. Kariakoo niliijua kama anavyoijua mtu wa mkoani, yaani kwa kushika mfuko wa mbele na kutembea upesi. Siku ile ilibidi nisimame na kuuliza. Mtaa wa Congo, Mtaa wa Uhuru, vichochoro vyenye maduka ya vifungo peke yake, duka zima lesi tupu. Nilimpigia zaidi ya mara moja kuuliza urefu, kuuliza rangi, na tukabishana bei huku muuzaji anatusikiliza na kucheka. Niliporudi hosteli nilikuwa nimechoka, nanuka jasho, na nimeongea na mke wangu kuliko wiki nzima iliyopita. Hatukuulizana hata mara moja kama tumekula.

Kuanzia hapo nikawa mnunuzi wake. Jumamosi ambazo sina jaribio naamkia Kariakoo: uzi, lastiki, bitana, satini, vitenge vya yadi sita kwa bei ya jumla, na ikifika Desemba tetroni ya sare za shule, kwa sababu Januari wazazi wote hukumbuka kwa pamoja kuwa watoto wamekua. Tuligundua mapema kwamba picha ya simu hudanganya rangi. Alinitumia picha ya kitambaa, nikaona wekundu, kumbe ni rangi ya damu ya mzee. Tangu siku hiyo hunitumia vipande vyenyewe, vidogo kama stempu, amevibana kwenye karatasi na kuandika pembeni: "hiki zipu", "hiki uzi, rola mbili", "hiki bitana, usiniletee inayoteleza". Navihifadhi ndani ya daftari la fonolojia. Siku moja mwanadarasa mwenzangu aliazima lile daftari, akarudi kuniuliza kwa heshima zote kama vile vitambaa ni sehemu ya mada.

Mzigo husafiri kwa basi. Mabasi ya kusini yanayopakia upande wa Temeke na Mbagala hupokea vifurushi; unafunga kiroba vizuri, unaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene pande zote mbili, unalipa, unadai risiti, unampigia mpokeaji kumtajia basi. Mimi huongeza kitu kimoja. Katikati ya jora natia barua. Si barua ndefu. Ni karatasi ya mstari niliyoandika wakati wa mhadhara uliochosha, nikimweleza nilichokiona juma lile. Mke wangu hajibu kwa barua, anasema mimi ndiye mwalimu. Yeye hujibu kwa kiroba kilekile kurudi: korosho alizozibangua na kuzikaanga mwenyewe, na msimu ukifika, ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula kwetu. Vijana wa chumbani waliiangalia ming'oko kwa mashaka makubwa siku ya kwanza, wakaniuliza ni mizizi ya nini. Siku hizi kiroba kikifika wanajua kabla yangu.

Simu nazo tukazipunguza. Saa tatu usiku, mara moja, mtoto akiwa bado macho. Mchana ni kwa ajili ya biashara au dharura tu. Nilidhani mke wangu angeona namkwepa, kumbe yeye ndiye alikuwa ameshachoka kupokea simu mguu mmoja ukiwa kwenye pedeli. Na sasa tulikuwa na la kuzungumza: nani kalipa, nani kakopa, mama fulani kanenepa kati ya kupimwa na kuchukua gauni anasema fundi kakosea. Yale maneno ya barazani yalirudi, na safari hii niliyasikiliza, maana zipu za hizo gauni nilizichagua mimi.

Niseme pia habari ya maneno ya watu. Wapo waliomwambia kwamba mwanamume akikaa Dar miaka mitatu anarudi na familia ya pili. Aliniuliza wazi, hakuzunguka, na mimi nikamweleza wazi: kundi letu la kujisomea lina wanawake, nikamtajia wanakaa wapi na tunakutana saa ngapi. Sikumpa nywila za simu yangu na hakuziomba. Baadaye aliniambia kilichomtuliza si maelezo yale. "Mwanamume anayezunguka Kariakoo Jumamosi nzima kutafuta uzi wa damu ya mzee," alisema, "muda huo mwingine anautoa wapi?"

Jaribu kubwa lilikuja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kiliingia pwani yetu, mvua ikapiga Lindi na Mtwara, na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Watu wa kwetu tunaijua barabara hiyo kwa historia yake. Wazee bado wanasimulia walivyolala wakisubiri kivuko cha Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Tulishazoea kuwa sasa basi la alfajiri linakufikisha siku hiyohiyo. Siku ile basi lilikuwa na kiroba chetu chenye vitambaa vya sare za kwaya nzima, na pesa ya kwaya ilikuwa imeshaliwa na vitambaa hivyo.

Siku kadhaa hakuna gari lililopita. Wasafiri waliobanwa na haraka walizungushwa kupitia Morogoro, Iringa, Songea na Tunduru, safari ambayo hata kuiangalia kwenye ramani inachosha mgongo. Hapo ndipo umbali ulipokuwa umbali kweli. Kabla ya siku zile nilikuwa najipa moyo kwamba nikizidiwa napanda basi, kesho niko nyumbani. Sasa basi halipo. Nilishindwa kusoma. Mke wangu naye, ambaye hata siku moja hakuwahi kulia kwenye simu, alilia, akadai analilia vitambaa.

Usiku ule tulivunja sheria yetu ya saa tatu. Tukapanga nani aende kuzungumza na mwenyekiti wa kwaya na aseme nini, tukahesabu deni likija itakuwaje, tukafika mahali pa kucheka. Akaniuliza kama nimeshawahi kutamani kuacha chuo. Nikamwambia ndiyo. Akasema na yeye alishatamani niache, ila hakutaka neno hilo litoke kwake. Hatukuwa tumewahi kuliongea jambo hilo, na sidhani kama tungeliongea katika zile simu za "umekula". Kiroba kilifika barabara ilipofunguliwa, kimelowa upande mmoja. Kwaya ilichelewa kidogo kuimba ikiwa na sare mpya, na Mungu aliwasikia hivyohivyo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni ugumu wa kurudi nyumbani. Likizo ya kwanza nilifika nimejaa hamu, nikakuta nyumba imejipanga bila mimi. Kiti changu kina majora. Mtoto anaomba ruhusa kwa mama yake tu. Siku mbili nilikaa kama mgeni wa heshima, naletewa maji ya kunawa. Siku ya tatu nikaenda kukaa karibu na cherehani, nikaanza kutoa nyuzi zilizoning'inia na kupiga pasi nguo zilizokamilika. Mteja mmoja akaniita "fundi msaidizi", mke wangu hakumsahihisha. Mazoezi ya kufundisha niliomba nikayafanyie Masasi, nikapata, na wiki hizo zilinipa nguvu kuliko likizo yenyewe, kwa sababu nilikuwa natoka kazini na kurudi kwangu kama zamani.

Upweke haukuisha, nisikudanganye. Jumapili alasiri bado ni nzito. Familia zinakwenda Coco Beach kula mihogo, nami najua mtu ambaye angeitia pilipili nyingi kupita kiasi. Jumapili nimejifunza kutokaa chumbani. Naenda maktaba mpya, si kwamba nasoma sana, ila kuna watu na kuna ubaridi. Niliposhikwa na homa mwaka wa pili, vijana wale wale wa manukato ndio walionipeleka zahanati usiku na kuninunulia uji, na mmoja akampigia mke wangu kabla yangu, akamwita "shemeji" bila kumjua. Nikagundua walikuwa wanamfahamu siku nyingi kupitia korosho.

Mvua kubwa zikinyesha bonde la Jangwani hujaa maji, mwendokasi husimama, na Kariakoo inakuwa mbali kama Masasi. Jumamosi hizo humpigia kumwambia siendi. Yeye hunijibu kibiashara kabisa: "Basi soma."

Sasa niko mwaka wa tatu na mazungumzo yamegeuka. Nikirudi kituo changu cha kazi, nani atanunua? Mke wangu ameshaanza kuwataja wanafunzi wa kwetu watakaobaki Dar, anawachambua mmoja mmoja: huyu mvivu, yule hajui rangi. Kuna mmoja nilimpendekeza, kijana mtulivu wa Newala, mchumba wake yuko nyumbani. Mke wangu amesema tumpe kwanza vipande vitatu vya majaribio, akirudi na damu ya mzee iliyo sahihi ndipo tutazungumza.